Mshono wa Katikati

Mtaa mzima walimwita Mama Viraka, na hakukasirika hata siku moja. Alikuwa fundi cherehani, mjane, hana mtoto wa kumzaa, na katika chumba chake cha mbele, kile chenye mlango unaotazama barabara, hakikutupwa kitambaa hata kikiwa kipana kama ukucha. "Kitambaa hakina makombo," angekwambia, pini zikiwa mdomoni, nawe ungebaki kushangaa anasemaje bila kumeza hata moja. Kilichobaki kwenye sketi yako kilikuwa mfuko wa suruali ya mwenzako. Kilichobaki kwenye mfuko kilikuwa kishikio cha sufuria. Na kilichobaki kwenye kishikio, basi, kilisokomezwa ndani ya foronya pamoja na wenzake, kikawa mto, ukakilalia.

Asubuhi ile, lakini, Mama Viraka alikuwa amekaa mbele ya cherehani na hashoni. Mguu wake wa kulia, ule unaokanyaga, ulikuwa unawaka moto. Pembeni ya kifundo palikuwa na lengelenge lililovimba tangu mwanzo wa wiki, na sasa lilikuwa limepasuka. Katikati ya kidonda, jamani, palichungulia kitu cheupe, chembamba, mithili ya uzi wa kushonea magodoro. Akakitazama. Kikajikunja.

Alikijua. Nani asiyekijua mtaani pale? Mnyoo wa maji. Unamnywa bila kumwona, kajibanza ndani ya kidudu kisichoonekana kwa macho, kwenye maji ya lambo. Anakaa mwilini mwako mwaka mzima, mpangaji asiye na haya, habishi hodi wala hasalimii, anakula na kunenepa. Halafu siku akitaka kuhama anatoboa mlango wake mwenyewe, na mara nyingi hutobolea mguuni. Moto wake ule ni ujanja mtupu! Anakuchoma ili ukimbilie majini upate nafuu, nawe ukitia tu mguu lambo, anamwaga watoto wake humo, na mwaka unaofuata mtaa mzima unachechemea. Mnyoo hana akili, wanasema. Mimi sikubali.

Sasa mtu mwingine angepiga kelele, akaitiwa nesi, mambo yakaisha. Mama Viraka alifunga mlango. Aliona haya, haya ya kweli kweli, kwa sababu ni yeye aliyeshona vitambaa vya kuchujia maji vya mtaa mzima. Mwaka uliotangulia, minyoo ilipowatoka watu wawili watatu, zahanati ilitia dawa kwenye lambo, ikaleta jora la kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizobanana, na yeye akakikata na kukipinda, kila nyumba kimoja. Hakuna mtungi usiokuwa na pindo lake. Wakati ule alikuwa akisimama mlangoni na kuwapigia kelele wapita njia, "Mmechuja? Nawauliza nyie, mmechuja?" Leo wangemwona amefungwa bendeji mguuni na wangesema nini? Mganga hajigangi, ndicho wangesema, na wangecheka mpaka mbavu ziume.

Akavuta beseni la maji, akauchovya mguu. Ah! Raha iliyoje. Akafumba macho.

Alipoyafumbua, yaliangukia kopo la vifungo juu ya rafu, na roho ikamwuma kuliko mguu. Kopo lile lilikuwa la Chiriku, mtoto wa kaka yake, msichana wa kuanza shule ambaye mdomo wake haukufungwa ndiyo maana akapewa jina la ndege. Zamani Chiriku hakutoka katika chumba kile. Alipanga vifungo kwa rangi, akavichanganya, akavipanga tena, na kila baada ya muda akasema, "Shangazi, kiu." Mwaka mzima sasa hakuwa amekanyaga pale. Mama yake alimkataza.

Na ugomvi wenyewe ulianzia kwenye vitambaa hivyo hivyo. Jora lilikwisha nyumba mbili zikiwa zimebaki, ya Mama Viraka mwenyewe na ya kaka yake, dereva wa lori ambaye kumkuta nyumbani ni bahati. Mama Viraka akaokota mabaki, akaunganisha vipande viwili viwili kwa mshono mmoja katikati, ulionyooka, uliolala sawasawa, mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kushona. Kimoja akakiweka nyumbani. Cha pili akampelekea wifi yake. Kwani watu wa nyumbani wana haja ya kupambiwa?

Wifi mtu alikuwa msusi, hodari, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko chanuo lake. Alikikunjua kitambaa, akauona mshono, akasema, "Mtaa mzima vitambaa vizima, mimi kiraka?" Mama Viraka akajibu kwamba asiyetaka kiraka ashone mwenyewe. Msusi akasema kumbe ndiyo thamani yake mbele ya mawifi. Mama Viraka, Mungu amsamehe, akasema asiyezaliwa katika ukoo hawezi kujua thamani za ukoo. Hapo tena! Kuanzia siku ile hawakupeana hata mkono, na Chiriku akaambiwa maji yako kwao, kiu yake aimalizie kwao.

Hodi ikapigwa.

"Mama, najua umo," sauti ya nesi ikasema. "Mlango wako haujawahi kufungwa mchana tangu nihamie hapa. Unaumwa au umekufa?"

"Nimekufa."

"Basi fungua, marehemu, nichukue gauni langu."

Nesi wa zahanati alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, asiyefukuzika. Aliingia, akaona mguu, akaona beseni, ucheshi wote ukamtoka. "Usitikise hayo maji! Usimwage!" Akalibeba beseni mwenyewe kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, akapitia mlango wa nyuma, na akayamwaga mbali, kwenye udongo mkavu uliotengana na lambo. Aliporudi alifungua mkoba na kupiga magoti. "Mficha maradhi kilio humuumbua, mama. Na kama ungekwenda lambo?"

"Sikwenda lambo. Mimi si mwehu."

"Si mwehu, ila una kiburi." Akaosha kidonda, akakipata kichwa cha mnyoo, akakizungushia kwenye kijiti chembamba, akavuta kidogo mno, kisha akakifunga kijiti kwa bendeji juu ya kifundo. "Kila siku nitakuja tuzungushe kidogo. Kidogo! Ukimvuta kwa pupa akakatikia ndani, mguu utaoza. Usikanyage cherehani, maana hilo kanyagio litamkata. Na usiguse maji ya watu."

"Nisikanyage cherehani? Nile nini, pini?"

Nesi hakucheka. Alikuwa akitazama mtungi kwenye kona. "Mama, niambie ukweli. Ulikuwa unachuja?"

"Mimi?" Mama Viraka alikaribia kusimama kwa mguu ule ule. "Mimi ninayewafokea watu? Kila tone!"

"Basi tuna msiba, maana watu watasikia fundi wa vitambaa katokwa na mnyoo, na kesho wote watavitupa. Kilete nikione."

Kitambaa kikafunuliwa mtungini. Nesi alikishika upande huu, Mama Viraka upande ule, wakamimina kikombe cha maji juu yake. Maji yalijikusanya, yakapenya pole pole kila mahali, ila katikati. Katikati yalidondoka haraka, tone juu ya tone, kwa mstari. Mama Viraka akakikamua, akakiinua mlangoni penye mwanga.

Mshono wake mzuri ulikuwa umejaa nukta za mwanga. Kila mahali sindano ilipopita, uzi ulikuwa haujaziba tundu, na sindano aliyotumia ilikuwa nene, ya kushonea magunia, kwa sababu siku ile ndiyo iliyokuwa kwenye mashine na alikuwa na haraka. Maisha yake yote alikuwa akitoboa vitambaa na kujisifu kwamba anaviunga. Hakuwahi kufikiri kwamba mshono ni safu ya matundu.

"Ni mshono," nesi akasema, na akashusha pumzi. "Si kitambaa, ni mshono! Hili ninaweza kuwaeleza watu na wakanielewa. Pembeni tundu halina neno, haliguswi na maji ya kunywa, lakini katikati... Mama, kuna vingine vya kuunganishwa?"

Mama Viraka alikuwa bado amekiinua kitambaa kwenye mwanga.

"Mama?"

"Kimoja," akasema. "Kwa Chiriku."

Nesi alimtazama, na Mama Viraka akajua nesi asichotaka kusema. Aliyekunywa mnyoo msimu ule wa mwaka jana, msimu huu ndio wa kumtoka. Siku hizi hizi. Mama Viraka aliona mguu mdogo, na kidonda, na kijiti. Aliona mtoto akilia usiku kucha, na aliyemtia mnyoo ni shangazi yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa ubahili wa mabaki.

"Nitakwenda mimi," nesi akasema. "Wewe kaa."

"Kitambaa nilipeleka mimi. Na neno nitapeleka mimi."

Kulikuwa na njia mbili za kwenda kwa kaka yake. Ya mkato ilipita ukingoni mwa lambo, pale wanapochotea, na ilibidi uvue viatu, maana maji yalifika kifundoni. Ya pili ilizunguka nyuma ya maduka yote, kwenye vumbi na jua. Mama Viraka alisimama penye njia panda, akiegemea rula yake ndefu ya kupimia, mguu ukimlilia maji. Maji yalikuwa pale, ya baridi, yametulia. Nani angemwona? Kina mama wawili walikuwa wakichota, wakamwita, "Karibu, fundi, pita huku, mbona unateseka?"

"Potelea mbali!" akasema Mama Viraka, na wale kina mama wakatazamana, hawakujua kwamba alikuwa akimwambia mnyoo. Akashika njia ya vumbi.

Alifika kwa wifi yake jasho likimtiririka. Msusi alikuwa kibarazani, amekaa kwenye kiti, mteja amekaa chini kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Msusi alimwona, akaona rula, akaona bendeji, vidole havikusimama. "Leo jua limetokea wapi?" akamwambia mteja, wala si wifi yake. "Au kuna kiraka kingine tumeletewa?"

"Wifi," Mama Viraka akasema, "yuko wapi mtoto?"

"Mtoto yuko kwao. Una shida gani naye?"

Mama Viraka alikuwa amejipangia maneno njia nzima, ya kuanzia na ya kumalizia. Yote yalimkimbia. "Kile kitambaa nilichokupa kina matundu," akasema. "Mshono una matundu. Nimetokwa na mnyoo. Nilikupa kitu kibovu, wifi, sikujua, lakini nilikupa, na wengine niliwapa vizima. Nipige ukitaka. Ila niitie mtoto nimwone miguu."

Vidole vya msusi vilisimama. Mteja alijaribu kugeuka, akasukumwa kichwa kikarudi mbele. "Chirikuuu!" msusi akaita, na sauti ile haikuwa ya ugomvi tena. "Njoo hapa!"

Mtoto akatoka mbio, amekua, jino la mbele hana. "Shangazi! Vifungo vyangu bado vipo? Kile cha buluu kipo? Mguu wako umefanya nini? Kwa nini una rula?" Mama Viraka aliketi chini kwenye vumbi, akaivuta miguu ile miwili, akaipapasa kuanzia vidoleni hadi magotini, mbele na nyuma, na kila kovu la mbu likamsimamisha moyo. "Hapa pana nini?" "Mwiba." "Na hapa?" "Nilianguka. Shangazi, unanitekenya!"

Hakukuwa na kitu. Lakini kutokuwepo leo si kutokuwepo kesho, na Mama Viraka alijua. Akainua uso kumtazama wifi yake, machozi yakimtoka waziwazi. "Alikuwa anakunywa maji yaliyopita kwenye kile kitambaa? Mwaka mzima?"

Msusi aliinuka, mteja akabaki ameshika kichwa chake, akaingia ndani, na akatoka amebeba mtungi mdogo mzima mzima, na kitambaa chake juu, na kamba yake shingoni. Akauweka chini mbele ya wifi yake.

"Tazama," akasema.

Mama Viraka alitazama. Mdomo wa mtungi ulikuwa umefunikwa kitambaa kitupu, chepesi, safi. Hakukuwa na mshono.

"Umekipeleka wapi?"

"Nimekipeleka wapi nini? Ndicho hiki!" Msusi alifungua kamba. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara mbili, na kilikunjwa papo hapo kwenye mshono, kisha ule ukingo wenye mshono ukavutwa nje ya mdomo wa mtungi na kufichwa chini ya kamba. Maji yalikuwa yakipita kwenye tabaka mbili za kitambaa kizima. "Mimi ni msusi, wifi. Watu wanakuja hapa, wanaketi kutwa, wanaomba maji ya kunywa. Waukute mtungi wangu una njia katikati kama kichwa kilichochanwa na kipofu? Thubutu! Siku ile ile uliyonipa, nilikikunja. Nilisema, kama wifi yangu ananiona kiraka, wageni wangu hawatakiona."

Mama Viraka alikishika kitambaa, akakiinua juani kama kilivyokunjwa. Hakuna nukta hata moja.

"Tangu siku ya kwanza?" akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Hata kukifua, nikianika nakirudisha vile vile. Uliza huyu." Mteja, kutoka chini, akakubali kwamba hajawahi kuuona mshono, na kwamba angependa kusukwa.

Mama Viraka akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, kilio cha mtu aliyetua mzigo. "Majivuno yako, wifi!" akasema. "Wee! Majivuno yako!"

"Yamefanya nini majivuno yangu?"

"Yamemwokoa mtoto wetu. Na lile neno nililokutolea, la ukoo, nalimeza. Nalimeza bila maji."

Mtu mwenye kinyongo cha mwaka mzima hakitupi kama ganda. Hata hivyo msusi akachota kikombe kutoka kwenye mtungi ule, akampa wifi yake kwa mikono miwili. "Usilimeze bila maji," akasema. "Utakabwa."

Nesi alipokuja kuangalia alicheka hadi akakaa. Alisema mtoto ataendelea kuangaliwa miguu mpaka msimu uishe, kwa uhakika, lakini tabaka mbili zisizo na tundu ni bora kuliko moja, na kwamba angetamani mtaa mzima ungekuwa na majivuno kama ya msusi. Kisha akaleta jora jipya, kwa sababu vitambaa vya mwaka jana vilikuwa vimechakaa, na hapo tatizo likawa moja: anayejua kushona hana mguu, na kila mwenye mguu hajui kushona.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Asubuhi, kabla wateja wake hawajafika, msusi alikuja na kigoda, akakikalia kando ya cherehani, akalikanyagisha kanyagio kwa mikono, na Mama Viraka, mguu wake ukiwa umewekwa juu ya mto wa mabaki, akaongoza kitambaa.

"Polepole! Unashona au unafukuza mwizi?"

"Wewe ongoza huko juu, huku chini niachie."

"Simama! Simama, nimesema! Umeshanishonea kidole!"

"Hakijatoka hata damu. Mawifi kwa kulia!"

Kelele zao zilisikika hadi kwenye maduka, na watu waliokuja kutupa vitambaa vya zamani walikaa kusikiliza, wakaelezwa habari ya mshono, wakaondoka na vipya. Havikuunganishwa hata kimoja. Kipande kikipungua kilikuwa kipande cha kishikio cha sufuria. Na kile kitambaa cha Mama Viraka mwenyewe, chenye mshono wa katikati, alikitia kwenye jiko la mkaa mbele ya kila mtu. Kilikuwa kitambaa cha kwanza maishani mwake kuachwa kipotee, na watu wakampigia makofi kama ameolewa.

Mnyoo alitoka kidogo kidogo, kwa inda yake, leo kidole, kesho nusu kidole, nesi akizungusha kijiti na Mama Viraka akimtukana kwa majina aliyoyatunga papo hapo. Siku mkia ulipochomoka, alimtazama amelala kwenye kijiti, mrefu, mweupe, amekwisha. "Na wewe ndiye wa mwisho," akamwambia. Mguu wake haukugusa lambo hata mara moja, na mtaa wote ulijua, maana kina mama wale wawili walisimulia jinsi alivyowatukana njia panda na kushika njia ya vumbi.

Msimu ukaisha. Miguu ya Chiriku ilibaki na makovu ya mbu, mwiba mmoja, na mchubuko mpya kila siku.

Alikuwa amerudi kwenye kopo lake, sakafuni, karibu na mlango, akipanga vifungo na kusimulia jambo lisilo na mwisho kuhusu mbuzi wa jirani. Katikati ya habari akanyamaza na kuinua uso. "Shangazi, kiu."

Mama Viraka aliacha kushona. Alikwenda kwenye mtungi, akafungua kamba, akakivua kitambaa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, na akakikagua kuanzia pindo hadi pindo, kama alivyofanya kila mara mtoto huyu alipoomba maji. Palikuwa na kitambaa tu. Akakirudisha, akachuja kikombe, akakileta.

"Kunywa, mama," akasema, na akasimama palepale kumwangalia mpaka alipomaliza.